Sura ya Saba: Besi ya Tabora Isivimbe

Mpiga gita la besi ndiye wa kwanza kudhulumiwa pale hedifoni na amplifaya zinapokosana. Mwimbaji hana hofu. Sauti yake inakaa katikati, mahali ambapo hata kiredio cha betri mbili kinafika. Gita la solo nalo linapenya lenyewe. Besi inategemea chombo. Chombo kikiyumba, nayo inayumba, na msikilizaji anaondoka akidhani yule mpigaji alikuwa mzembe, kumbe kosa liko kwenye kitundu cha jeki.

Mfano wa sura hii ninautoa Tabora, na nina sababu. Mji huu ulikuwa njia panda kabla haujawa na barabara hata moja ya lami. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika hapa Unyanyembe, kisha mingine ikaendelea Ujiji na mingine ikakata kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Mji wa aina hiyo hauwezi kuwa na masikio ya upande mmoja. Ulisikia ya pwani, ukasikia ya ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ukawa na ya kwake ya Kinyamwezi, na mwisho ukazaa bendi ambazo watu wa Gongoni, Kanyenye, Isevya na Ng'ambo wanazitaja mpaka leo bila kufikiri mara mbili: Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata, ambao wimbo wao "Dada Asha", pamoja na jina la mwanamuziki wao Shem Karenga, uliingia kila nyumba yenye redio.

Sehemu kubwa ya muziki wa dansi wa enzi hizo tunayo kwa sababu Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) iliziita bendi studio, Barabara ya Pugu, ikazirekodi kwenye mikanda. Ni rekodi za mono. Magita matatu manne, tumba, ngoma, saksafoni na waimbaji wote wamebanwa kwenye njia moja ya sauti, na nyuma yao kuna mchakacho wa mkanda. Kila ala imepewa nafasi kidogo, nayo lazima isikike ndani ya nafasi hiyo hiyo. Kwenye sabufa ya sebuleni huwezi kuwatenganisha. Sabufa imetengenezwa ili ukuta utikisike, na ukuta ukitikisika, noti za chini zote zinakuwa noti moja. Hedifoni nzuri inakuondolea sebule, inakuondolea ukuta, inakuacha na mkanda wenyewe. Ndipo unapogundua kwamba gita la rizimu na la solo la pili hayapigi kitu kimoja hata kidogo, na kwamba besi inazungumza na tumba muda wote wa wimbo.

Hapo ndipo watu hupoteza fedha zao. Mtu ananunua hedifoni ya bei kubwa, anaichomeka popote penye tundu, anasikia sauti dhaifu au besi iliyojaa tope, anaambiwa anahitaji amplifaya yenye nguvu zaidi. Ananunua. Tope linabaki, sasa kwa sauti kubwa. Mimi nasema bei iangaliwe mwisho. Kwanza angalia namba tatu, ambazo mbili zimeandikwa kwenye boksi la hedifoni, na ya tatu ni ya amplifaya na mara nyingi haijaandikwa popote.

Ya kwanza ni ukinzani, unaopimwa kwa omu. Ya pili ni wepesi wa hedifoni kutoa sauti: ukiipa miliwati 1, inatoa desibeli ngapi. Ukiwa na hizo mbili, hesabu ni ya darasani. Tuchukue kilele cha desibeli 110, kiwango ambacho wahandisi hukitumia ili mapigo ya ghafla ya muziki yasikatwe vichwa.

Sennheiser HD 600, ya tangu mwaka 1997, ina omu 300 na hutoa takriban desibeli 97 kwa miliwati 1. Kufika 110 inataka miliwati 20, yaani volti 2.4 na miliampea 8 tu. Hedifoni ndogo ya Grado ya omu 32, inayotoa takriban desibeli 100, inataka miliwati 10: volti 0.57, lakini miliampea 18. Halafu njoo kwa HiFiMAN HE-6, ya aina ya sumaku bapa, ambayo badala ya koili na koni ina utando mpana wenye njia za umeme uliotandazwa mbele ya sumaku. Hii ina omu 50 na hutoa desibeli 83.5 tu. Kilele kilekile kinadai karibu miliwati 450: volti 4.7 na miliampea 95.

Zitazame tena namba hizo, kwa sababu zinavunja kauli inayosemwa kila duka, kwamba omu nyingi maana yake ni ngumu kuendesha. HE-6 ina omu chache kuliko HD 600, na inakula nguvu zaidi ya mara 20. Msafara wa zamani ulihitaji pagazi mwenye pumzi ya kutoka pwani mpaka Unyanyembe, na ulihitaji pia mwenye bega la kubeba pembe ya ndovu. Haikuwa lazima awe mtu mmoja. Volti ni pumzi, ampea ni bega. HD 600 inataka pumzi. Grado inataka bega kidogo. HE-6 inataka vyote viwili, ndiyo maana wenye nayo wengine huiunganisha kwenye amplifaya za spika.

Simu na adapta ndogo za USB nyingi hufika karibu volti 1, nyingine nusu yake. Volti 1 kwenye HD 600 ni miliwati 3.3, sawa na desibeli 102. Kwenye HE-6 volti 1 ni miliwati 20, sawa na desibeli 96 au 97, iwapo hicho kidude kinaweza kutoa miliampea 20 bila kuharibu sauti. Nitarudi kwenye jambo hili, maana lina umuhimu kuliko linavyoonekana.

Mtu atauliza kwa nini watengenezaji walihangaika na omu 300 na 600 kama zinadai volti nyingi. Hawakuwa wanamtesa mteja. Eugen Beyer alipotoa DT 48 huko Berlin mwaka 1937, na hata John Koss wa Milwaukee alipowauzia Wamarekani hedifoni za stereo mwaka 1958, amplifaya zilikuwa za valvu, na valvu hupenda kutoa volti na huchukia kutoa ampea. Studio za redio nazo zilikuwa na sababu zao: fundi mitambo, mtangazaji na mwongozaji husikiliza kutoka chanzo kimoja, na hedifoni tatu za omu 600 zikiunganishwa pamoja bado zinabaki na omu 200, mzigo ambao chanzo hakiuoni. Tena koili ya omu nyingi hufumwa kwa waya mwembamba sana. Beyerdynamic waliiuza DT 880 kwa omu 32, 250 na 600, hedifoni ileile kwa nje, ili kila mtu achukue inayolingana na chombo alichonacho.

Sasa namba ya tatu, ambayo ndiyo inayoamua hatima ya mpiga besi wetu. Amplifaya nayo ina ukinzani wake upande wa kutolea sauti. Umeme ukitoka, unagawana volti kati ya ukinzani huo na ule wa hedifoni. Kama hedifoni ingekuwa na omu zilezile kwa kila noti, mgawano huo ungepunguza sauti tu, ungepandisha kitufe kidogo na mambo yakaisha. Lakini hedifoni ya koili haikai hivyo. Ile HD 600 ya omu 300 hupanda kuelekea omu 500 karibu na hezi 80 hadi 100, pale ambapo koni inapenda kutikisika yenyewe.

Gita la besi lina nyuzi nne. Ukizipiga wazi, ya chini kabisa inatoa hezi 41, inayofuata 55, kisha 73, na ya juu 98. Kwa hiyo ule mlima wa ukinzani umekaa juu ya nyuzi mbili za juu. Ukiwa na amplifaya yenye ukinzani wa omu 120 upande wa kutolea, noti za huko zinapata sehemu kubwa zaidi ya volti kuliko noti nyingine. Kwa HD 600 tofauti ni desibeli 1 tu. Sikio zuri litaihisi kama joto, na wapo wanaoipenda. Lakini chukua hedifoni ya omu 32 yenye mlima wa omu 80, na ziko nyingi, uichomeke hapohapo: tofauti inafika desibeli 5.6. Hiyo si joto tena. Noti moja ya besi inavimba, jirani yake inanywea, na mstari uliopigwa kwa mkono ulio sawa unasikika umepanda na kushuka. Katika rekodi ya mono ya Tabora Jazz, ambapo besi na tumba wanagombea eneo hilohilo dogo, noti zinazovimba zinaimeza tumba. Unasikia bendi nyingine.

Kanuni inayotumika ni kwamba ukinzani wa kutolea wa amplifaya usizidi sehemu moja ya nane ya omu za hedifoni. Kwa omu 32 ni omu 4. Kwa 300 ni 37. Kwa 600 ni 75. Ukikaa ndani ya mipaka hiyo, ule mlima wa omu 80 tulioutaja unabaki na kosa la desibeli 0.6, na mwanamuziki amepata haki yake. Sumaku bapa ziko nje ya kisa hiki, kwa kuwa ukinzani wake umenyooka tangu besi mpaka noti za juu. Ukinzani wa amplifaya huzipunguzia nguvu tu, hauzibadilishi sura.

Na hapa kuna jambo ambalo mtu wa Gongoni anapaswa kulijua kabla hajatuma fedha Kariakoo. Amplifaya nyingi za zamani za spika, zile nzito zenye transfoma, zina tundu la hedifoni mbele. Ndani yake mara nyingi hakuna amplifaya ya pili. Sauti inachukuliwa kwenye njia ya spika na kupitishwa kwenye rezista ya omu 330 au zaidi, basi. Chomeka hapo hedifoni ya omu 32 yenye mlima, na kosa linakaribia desibeli 7. Hiyo ndiyo asili ya ile imani kwamba matundu ya amplifaya za zamani hayafai. Lakini chomeka hedifoni ya omu 600. Amplifaya ya wati 40 kwa spika za omu 8 ina karibu volti 18 ndani yake. Ikishagawana na rezista hiyo, hedifoni ya omu 600 inaachiwa zaidi ya volti 11. Ni akiba kubwa kuliko inavyohitaji. Hata HD 600 hapo hupata volti 8 na kosa la desibeli 2 hivi, ambalo naliona linavumilika kwa muziki huu, ingawa nisingelikubali kwa kazi ya kusafisha rekodi. Chombo kilichosahauliwa kabatini pamoja na hedifoni ya studio ya zamani vinaweza kuwa wenzi bora kuliko hedifoni mpya na kidude kipya vilivyonunuliwa bila hesabu.

Kama ukinzani wa amplifaya haujaandikwa, unapimika mjini palepale. Mfuate fundi redio mwenye mita. Mwambie: "Fundi, naomba unipimie volti za jeki, bila mzigo na ikiwa na mzigo." Simu icheze mlio mnyoofu wa hezi 100, programu za kutoa mlio huo ni za bure. Hedifoni iwe imechomolewa. Pandisha kitufe mpaka mita isome volti 1 ya umeme wa kwenda na kurudi. Halafu weka rezista ya omu 33 kati ya ncha ya jeki na shina lake, usome tena. Volti ya kwanza gawanya kwa ya pili, toa 1, zidisha kwa 33. Ikiwa mita imeshuka mpaka 0.97, una ukinzani wa omu 1, na amplifaya hiyo inafaa kwa hedifoni yoyote isiyozidi uwezo wake. Ikiwa imeanguka mpaka 0.22, una omu 117, na sasa unajua uinunulie hedifoni ya aina gani. Rezista ya robo wati inatosha.

Amplifaya za valvu zisizo na transfoma ya kutolea huangukia kundi hilo la pili, na sifa zake zote nzuri zinatoka kwenye ndoa na hedifoni za omu 300 na kuendelea. Ukiziunganisha na sumaku bapa ya omu 50 zinakosa bega, na sauti inachakaa kabla haijawa kubwa. Hedifoni za umemetuli, ambazo kampuni ya Stax ya Japani ilianza kuzitoa mwaka 1960, zina amplifaya zake maalumu zenye mamia ya volti. Hizo ni pea tangu kiwandani, hakuna cha kuchagua. Na zile njia za plagi ya pini nne, zinazosifiwa kwamba zinaongeza nguvu mara nne, zinaongeza kweli, lakini zinaongeza pia ukinzani wa kutolea mara mbili. Kwa mwenye HE-6 ni msaada. Kwa wengi wetu ni waya wa gharama.

Umeme nao ni sehemu ya chombo. Volti 230 za ukutani zikipanda na kushuka, amplifaya nzuri yenye usambazaji wake wa umeme inavumilia. Kinachosumbua zaidi ni kelele. Inveta za bei nafuu za sola hutoa umeme wa ngazi ngazi, na ngazi hizo husikika kwenye hedifoni kama mvumo wenye meno. Chaja ya kompyuta mpakato ya plagi ya pini tatu, ikiwa imechomekwa pamoja na amplifaya yenye pini tatu, huweza kuunda mzunguko wa ardhi na kuleta mlio ambao mtu huulaumu mkanda wa RTD. Kabla hujaulaumu mkanda, chomoa chaja, iache kompyuta iende kwa betri yake, usikilize tena. Vile vipokea sauti vidogo vinavyoziba tundu la sikio, vingine vikiwa na omu 16 na desibeli 110 kwa miliwati 1, vinaumbua kila kelele. Kwa vipokea sauti hivyo, amplifaya yenye nguvu nyingi ni hasara tupu: unapata mchakacho usio wa mkanda, na kitufe cha sauti kinabaki robo ya kwanza, mahali ambapo vitufe vya kawaida havilinganishi sikio la kushoto na la kulia. Kwa rekodi ya mono kasoro hiyo haijifichi, maana bendi nzima inayopaswa kukaa katikati ya kichwa inahamia upande mmoja. Ikiwa amplifaya ina swichi ya nguvu ndogo na kubwa, iweke kwenye ndogo, uihamishe tu ikikushinda.

Sasa nirudi kwenye volti 1 ya simu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75 kwa muda huohuo. Tuseme unasikiliza kwa wastani wa 75, kiwango kizuri cha jioni. Rekodi za dansi za mkanda hazina milima mirefu. Tuzipe desibeli 12 za vilele juu ya wastani, tufike 87. HD 600 inafika hapo kwa miliwati 0.1, yaani volti 0.17. Hata HE-6, mlaji mkuu katika sura hii, inahitaji miliwati 2.2, volti 0.34 na miliampea 7. Simu inaweza. Okestra, yenye vilele vya desibeli 25 juu ya wastani, ingedai zaidi, na rekodi iliyohamishwa kwa sauti ndogo ingekula akiba nyingine ya desibeli 6 mpaka 10. Hata hivyo, kwa rekodi ya dansi ya namna hiyo, HD 600 bado ingetosheka na nusu ya volti hivi.

Kwa msikilizaji wa Kiko Kids, Nyanyembe na Tabora Jazz, basi, nguvu si tatizo mpaka aamue kuumiza masikio yake. Ukiwa na fedha ya kununua kitu kimoja tu, nunua hedifoni, kisha pima ukinzani wa tundu ulilonalo kabla ya kutafuta la pili. Ukilazimika kununua amplifaya, usianze kwa kuuliza wati. Uliza omu za kutolea, ziwe 2 au chini. Uliza kama inatulia kimya hedifoni ikiwa imechomekwa na muziki umesimama. Uliza kama inaendeshwa kwa betri. Volti 2 hadi 4 zitatosha kwa karibu kila hedifoni ya koili utakayoimudu. Fedha inayobaki itumie kutafuta nakala ya wimbo iliyohamishwa kutoka mkanda wenyewe, si ile iliyopita kaseti tatu na simu mbili, kwa kuwa noti za besi zilizokatwa huko njiani hakuna amplifaya itakayozirudisha.